CHUI DUME ANA KILO NGAPI?

Somo letu la safari hii limetokana na swali linalozuka katika vikundi vingi vilivyo karibu na misitu, milima na mbuga. Chui ameingia usiku na kuchukua mbuzi wawili wa mradi. Asubuhi watu wamekusanyika. Alikuwa mkubwa kiasi gani? Mmoja anasema alikuwa kama ndama. Mwingine, aliyemwona kwa mwanga wa tochi, anasema ndama gani, huyo alikuwa kama punda! Kufika jioni habari imevuka mto, na chui amekwisha kuwa simba.

Hatumcheki mtu. Mnyama anayeonekana gizani, macho yakiwaka, hapimiki kwa jicho. Lakini ukubwa wa chui ni jambo lenye faida kulijua, kwa kuwa ndilo linalotuonyesha boma lijengwe vipi, nyayo zisomwe vipi na fomu ya fidia ijazwe vipi. Kikundi kikiandika "simba", kisha afisa akaja akakuta nyayo za chui, kazi ya kueleza huwa ngumu kuliko ile ya kuandika.

Tuanze na gunia

Gunia la mahindi lina kilo 90. Mfuko wa simiti una kilo 50. Karibu kila mwanakikundi amebeba kimoja au ameona kikibebwa, kwa hiyo tuviweke viwili hivi akilini.

Chui dume aliyekomaa hapa kwetu kwa kawaida huwa kati ya kilo 50 na 65. Yaani ni mfuko wa simiti na kitu kidogo juu yake, au tuseme uzito wa mwanamume mwembamba. Jike ni mdogo sana kwake, kilo 30 hadi 45 hivi. Watu wawili wakiona chui wawili katika kijiji kimoja, mmoja dume na mwingine jike, wanaweza kubishana mwezi mzima na wote wawili wawe wanasema kweli.

Gunia zima la mahindi, kilo 90, ndicho kikomo ambacho vitabu vingi vya wanyama humwekea dume mkubwa kuliko wote. Wa namna hiyo ni nadra. Basi ukisikia ati chui wa kilo 150, ujue kwamba huo si uzito wa chui. Simba jike ana kilo 120 hivi, na simba dume 180 au zaidi.

Na kimo je? Begani chui dume ana sentimita 60 hadi 70. Akisimama kando yako atafika katikati ya paja lako. Kinachomfanya aonekane mkubwa ni kifua, shingo nene, kichwa kipana na ule mkia mrefu. Dume akizeeka vizuri huota hata ngozi inayoning'inia chini ya shingo, kama ya ng'ombe lakini ndogo. Ukimwona huyo, umeona mwenye eneo. Dume huzunguka eneo kubwa ambalo ndani yake wako majike kadhaa, na madume wengine hawakaribishwi. Kwa hiyo mwili mkubwa ndiyo silaha yake na ndiyo hati yake ya shamba.

Nchi moja, chui wa namna mbili

Sasa tuje kwenye jambo ambalo limewashangaza hata wataalamu. Afrika Kusini kuna hifadhi ya Kruger, upande wa kaskazini-mashariki, nchi ya vichaka na swala pala wengi. Katika miaka ya 1970 mtafiti Theodore Bailey aliwanasa chui huko, akawalaza kwa dawa na kuwapima kwa mizani. Madume waliokomaa walikuwa na wastani wa kilo 63 hivi, na majike 37 hivi. Hao hawana tofauti kubwa na wetu.

Lakini teremka katika nchi hiyo hiyo hadi milima ya Cape, kusini-magharibi, karibu na bahari. Chui dume wa huko ana kilo 35 hivi tu, na jike 20 hivi. Ni karibu nusu! Dume wa Cape hafiki hata jike wa Kruger. Mtu angedhani hao ni aina nyingine kabisa ya mnyama. Sivyo. Chui wote wa bara la Afrika huhesabiwa leo kuwa nasaba moja, wa Kenya, wa Kruger na wa Cape.

Kisa ni nini? Mfugaji yeyote anaweza kulikisia jibu kabla hatujalisema. Chukua mbuzi wa ukoo mmoja, mpe mmoja majani mazuri na mwingine umwache kwenye mawe, halafu uwaangalie baada ya mwaka. Kule Kruger chui ana swala pala wa kilo 40 au 50, tena kwa makundi. Kule milima ya Cape kuna mawe, vichaka vigumu na wanyama wadogo: pimbi kwa wingi, na mbuzi mawe mmoja mmoja. Mwili mkubwa unahitaji kulishwa kila siku. Penye pimbi, mwili mdogo ndio unaoishi. Hata eneo ambalo dume wa Cape hulizunguka ni kubwa mara nyingi kuliko la mwenzake wa Kruger, maana anatafuta chakula kilichotawanyika.

Hatusemi chakula ndicho sababu pekee. Hali ya hewa, kuwapo kwa simba na fisi, na damu ya ukoo wa mahali, vyote vina sehemu yao, na wataalamu bado wanabishana kila kimoja kina uzito gani. Lakini ukitaka kukisia ukubwa wa chui wa mahali usipopajua, uliza kwanza anakula nini.

Mbali na kwetu

Chui anaishi Afrika na pia Asia, na huko tofauti zinazidi. Milima ya kaskazini mwa Iran ina baridi na theluji, na ina kondoo mwitu, mbuzi mwitu na nguruwe mwitu. Huko ndiko waliko chui wanaotajwa kuwa wakubwa kuliko wote duniani. Madume wengi hupita kilo 60, na wachache wamefikia karibu gunia letu la kilo 90.

Vuka Ghuba uende Oman, kwenye milima ya Dhofar, na mambo yamegeuka. Chui dume wa Uarabuni ana kilo 30 hivi, theluthi moja ya gunia. Nchi ni kavu, mawindo ni haba: mbuzi mwitu wa milimani, pimbi, ndege. Waliobaki porini katika Uarabuni nzima wanakadiriwa kuwa chini ya 200.

Mtu atasema: basi ni baridi. Penye baridi wanakuwa wakubwa, penye joto wadogo. Ni kweli wanyama wengi hufuata njia hiyo, lakini chui hakubali kufungwa na kanuni moja. Mashariki ya mbali ya Urusi, kwenye mpaka na China, kuna chui wa Amur ambao hukaa katika theluji kuliko wote. Madume wao kwa kawaida wana kilo 32 hadi 48 tu! Manyoya yao ya majira ya baridi ni marefu na mazito, kwa hiyo kwenye picha wanaonekana wanene kama wamevaa blanketi. Na kisiwa cha Sri Lanka, chenye joto kama la Mombasa, kina madume wenye wastani wa kilo 56, na aliyepimwa kuwa mzito zaidi alifika 77. Kisiwa hicho hakina simba wala chui milia, kwa hiyo hakuna wa kumnyang'anya chui mawindo yake.

Kisiwa kingine, cha jirani zetu, kilikuwa na hali tofauti. Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko wa bara, na madoadoa yake yalikuwa madogomadogo. Wenyeji wengi waliamini kwamba wako watu wanaowafuga kwa uchawi, na imani hiyo ilichangia sana kuwindwa kwao, hasa baada ya Mapinduzi ya 1964. Mwaka 2018 watengenezaji wa kipindi cha televisheni walionyesha picha za mnyama waliyesema ndiye, lakini si wataalamu wote waliokubali. Mabaki yake yaliyo hakika ni ngozi na mafuvu katika majumba ya makumbusho.

Swali la pembeni ambalo huulizwa sana: je, chui mweusi ni mkubwa zaidi? Mwaka 2019 picha za chui mweusi wa Laikipia zilisambaa duniani, na mengi yakasemwa. Weusi ni rangi tu, kama mbuzi mweusi na mbuzi mwekundu waliozaliwa na mama mmoja. Ukimwangalia vizuri juani utayaona madoadoa yake yale yale.

Kamba, ngozi na tumbo lililojaa

Zile hadithi za chui wakubwa ajabu hutoka wapi, basi? Nyingine ni uongo mtupu. Nyingi lakini hutoka kwenye kipimo kibaya.

Njia ya kwanza ya kudanganyika ni ngozi. Ngozi iliyochunwa huvutika. Ikikazwa kwa vigingi ili ikauke, urefu unaongezeka, wala mwenye ngozi halalamiki.

Njia ya pili ni kamba. Ukimlaza mnyama na kupitisha kamba juu ya mgongo wake, ukifuata kila bonde na kilima cha mwili, utapata urefu mwingi kuliko ukisimika kijiti kwenye pua na kingine kwenye ncha ya mkia, ukamwondoa mnyama na kupima mstari ulionyooka kati ya vijiti. Mfano mzuri ni wa chui dume wa Rudraprayag, kaskazini mwa India, ambaye kwa hesabu ya serikali aliua watu 125 kati ya 1918 na 1926. Aliyempiga risasi ni Jim Corbett. Kwa vijiti, Corbett alipata futi 7 na inchi 6, yaani mita 2.29. Kwa kamba juu ya mgongo, mnyama yule yule alikuwa futi 7 na inchi 10, mita 2.39. Chui aliongezeka sentimita 10 akiwa amelala palepale! Corbett aliandika vipimo vyote viwili, na hiyo ndiyo sababu tunamwamini. (Wasomaji wa Nyeri wanalijua jina hilo. Alihamia huko mwaka 1947, akafariki 1955, na kaburi lake liko katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Petro mjini.)

Kumbukeni pia kwamba mkia umo katika hesabu hiyo. Mkia wa chui huchukua zaidi ya theluthi moja ya urefu wote. Mtu akikuambia "mita mbili na nusu", muulize kwanza kama amepima na mkia, halafu muulize kamba ilipita wapi.

Njia ya tatu ni tumbo. Chui aliyekula usiku kucha hubeba kilo nyingi za nyama ambazo si mwili wake. Watafiti waangalifu huandika kama tumbo lilikuwa limejaa, na wengine hupunguza kilo kadhaa. Wawindaji wa zamani hawakufanya hivyo, na wengi wao hawakuwa na mizani kabisa. Walikisia, na mkisiaji aliyetoka kuponea chupuchupu hakisii chini.

Mdogo si dhaifu

Hapa ndipo tunapotaka kikundi kikae kidogo. Baada ya kusikia kwamba chui ni mfuko mmoja wa simiti, kijana fulani anaweza kuinuka na rungu. Asithubutu. Mwaka 1896, katika nchi ya Wasomali, Mmarekani Carl Akeley alirukiwa na chui jike wa kilo 36 hivi, ambaye tayari alikuwa amemjeruhi kwa risasi. Alifaulu kumuua kwa mikono, lakini mkono wake mmoja ulikuwa umetafunwa vibaya sana. Kilo 36, tena majeruhi! Na Akeley alikuwa na bahati kubwa.

Mbuzi wetu wa kienyeji aliyekomaa ana kilo 25 hadi 30. Kwa dume la kilo 60 hiyo ni nusu ya uzito wake, na humbeba mdomoni bila taabu. Chui mmoja aliwahi kupandisha juu ya mti mtoto wa twiga aliyekadiriwa kuwa na zaidi ya kilo 100. Kuruka kwenda juu anafikia mita 3. Kwa hiyo ukuta wa boma wenye urefu wa mtu si kitu kwake, hata ukiwa wa mawe. Nguvu za boma la mbuzi dhidi ya chui ziko juu, kwenye paa. Liwe la mabati, la fito nzito zilizofungwa karibukaribu, au la wavu wa waya uliokazwa, lakini liwepo. Tumeona vikundi vikinunua waya ghali wa kuzungushia halafu vikaacha juu wazi kwa sababu pesa zimekwisha. Afadhali boma dogo lenye paa kuliko kubwa lisilo nalo. Na mapengo: mahali ambapo mbwa wa nyumbani anapenya, hesabuni kwamba chui jike naye atapita.

Jambo hili lina upande wa sheria pia. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inamtaja chui kati ya wanyama ambao madhara yao hulipiwa fidia. Iliweka shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na kwa mifugo thamani ya sokoni. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba hakuna malipo kwa mwenye mifugo aliyeshindwa kuchukua hatua za kutosha kuilinda. Basi paa la boma ni ulinzi usiku, na asubuhi ni ushahidi. Malipo yenyewe huchelewa. Wako waliosubiri miaka. Wasiotaka kusubiri wametia sumu kwenye mzoga. Sumu haichagui. Huua mbwa wa jirani, tai, fisi, pengine na mtoto aliyeshika nyama, na chui aliyekusudiwa akawa amekwenda zake.

Kusoma unyayo

Unyayo wa chui ni wa mviringo, una vidole vinne na kisigino kipana, wala hauonyeshi kucha, kwa kuwa chui huficha kucha anapotembea. Fisi, mbwa na duma kucha zao huonekana. Upana wa unyayo wa mbele wa chui dume ni sentimita 8 au 9 hivi, wa jike ni mdogo zaidi. Wa simba mkubwa ni 11 na kuendelea. Pimeni mahali penye udongo mgumu wenye vumbi jembamba. Kwenye matope unyayo hupanuka, na mvua ikiunyeshea chui wa kilo 40 anageuka simba mbele ya macho yenu.

Tazameni na mzoga. Chui huuma koo au shingo, tena mara nyingi huburuta mawindo hadi kichakani au juu ya mti ili aje kula tena. Fisi hula hapo hapo na kuvunja mifupa. Ripoti kwa ofisi ya KWS au kwa chifu iende mapema, kabla watu na ng'ombe hawajakanyaga alama.

Zoezi la mkutano ujao

Katibu alete kipande cha katoni, mkasi na rula. Kateni maumbo mawili ya duara, moja la upana wa sentimita 9 na lingine la sentimita 12, muandike "chui" na "simba". Kisha bila kuonyeshana, kila mmoja aandike kwenye karatasi anadhani chui wa eneo lenu ana kilo ngapi, na mweka hazina asome majibu yote kwa sauti. Jadilianeni: wanyama gani wa porini wamebaki karibu nasi, na chui wetu anakula nini wakati hali mbuzi? Katika maboma ya wanachama, mangapi yana paa? Zile katoni mbili zikae ndani ya daftari la kumbukumbu, na nani ataitwa kwanza na rula siku mbuzi akichukuliwa, muamue siku hiyo hiyo ya mkutano.